Nafasi Moja ya Mchezaji wa Kike

Siku hizo kazi za ngoma hazikutangazwa gazetini. Zilitangazwa matangani. Mtu wa ngoma aliyetaka kujua kikundi gani kimevunjika, nani ametorokea Nairobi na fidla ya mwenzake, au hoteli gani inatafuta wachezaji, alikwenda msibani, akala, akangoja watu wachoke kulia. Hapo ndipo mtangazaji aliposimama na kipaza sauti chake cha betri. Alianza na rambirambi, akapitia ng'ombe waliopotea na mechi ya Jumapili, halafu akafika kwetu.

Mimi habari yangu niliipata nikiwa upande wa pili wa ua. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, karibu na Ahero, na aliyekufa alikuwa jirani yetu wa karibu kabisa. Sikuruhusiwa kuingia kwake hata kumlilia, kwa sababu nilikuwa mjane ambaye hajarithiwa. Mume wangu alichukuliwa na mafuriko ya Nyando msimu uliotangulia, na mpaka mwanamume wa ukoo wake anichukue, mguu wangu ulihesabiwa kuwa sumu. Ningekanyaga boma la mtu, watoto wake wangedhoofika kwa chira, ile laana inayomla mtu taratibu mpaka abaki mifupa. Hivyo ndivyo walivyosema, na walikuwa wakinipisha njiani kama ninayenuka. Basi nilisimama kwangu, binti yangu mgongoni, nikasikiliza kupitia majani.

Kikundi kipya, sauti ilisema, cha kuwachezea watalii katika hoteli moja ya ufukweni mjini Kisumu. Imebaki nafasi moja ya mchezaji wa kike. Mshahara wa kila mwezi, na chumba.

Mshahara niliusikia, lakini chumba ndicho kilichonikosesha usingizi. Binamu wa marehemu mume wangu, mnunuzi wa mpunga, alikuwa na wake wawili na alikwisha kuwaambia wazee kwamba mavuno yakiisha atanichukua mimi pia. Hakuniuliza, na hakuna aliyeona ajabu kwamba hakuniuliza. Akinichukua, mimi ni wake, na binti yangu ni wake. Nilitaka chumba chenye mlango unaofungwa kwa ndani, mimi na mtoto wangu tukiwa ndani yake. Sikutaka zaidi ya hapo, na sijui kama mtu anaweza kutaka kidogo kuliko hapo.

Kucheza nilijua. Sijisifu, wengine huzaliwa na sauti, mimi nilizaliwa na mabega. Tangu shule ya msingi kule kwetu Pap Onditi walimu walikuwa wakinitoa darasani wageni wakija. Mume wangu mwenyewe alinioa kwa sababu ya mabega hayo, halafu akanikataza kuyatumia, kama mtu anayenunua redio na kuifungia sandukuni.

Nilimdanganya mama mkwe. Nilimwambia nimepata kazi ya kufua nguo kwa Wahindi mjini. Alifikiri, akasema haidhuru, nyumba ya Mhindi si boma, haiwezi kuharibiwa na mjane. Akakubali kubaki na mtoto. Nilivua nguo za matanga nyuma ya kituo cha mafuta, nikazikunja, nikaziweka chini kabisa ya mfuko.

Ukumbini tulijaa wanawake wa kila aina, wengine wamekuja na mama zao. Kiongozi wa kikundi alikuwa mwalimu wa zamani kutoka upande wa Kakamega, mtu wa kanisa, aliyevaa tai hata kwenye mazoezi. Aliniuliza kama nina mume. Nikamwambia sina. Alisema vizuri, kwa sababu kikundi chake cha kwanza kilivunjwa na mume mmoja aliyepanda jukwaani na rungu kumchukua mkewe katikati ya wimbo. Kisha akamwashiria mpiga orutu, ile fidla yetu ya uzi mmoja, nami nikacheza. Hakuningoja nimalize. Aliwaambia wale wengine waende nyumbani, na mama mmoja akanitemea mate karibu na miguu.

Kikundi kilikuwa na wachezaji wengi kuliko njuga. Kwa hiyo wimbo ulipoisha, aliyetoka alifungua njuga za miguuni mwake, akapiga magoti, akamfunga anayeingia, kamba ikiwa bado na jasho. Hukujifunga mwenyewe. Anayejifunga mwenyewe hukaza vibaya, na njuga zikilegea katikati ya wimbo unarukaruka kama kuku aliyefungwa kamba. Mimi nilifungwa na msichana mmoja mwenye pengo, mcheshi, aliyekaa chumba cha jirani na changu. Alinifunga vizuri kuliko wote, na kila mara alinipiga kofi dogo kwenye shavu la mguu kunituma uwanjani.

Tulicheza kwenye nyasi, ziwa nyuma yetu, watalii wakila samaki mbele yetu. Kiongozi aliniita dada na kunipanga mbele. Chumba changu kilikuwa kidogo, kimepakwa chokaa, na mlango wake ulifungwa kwa ndani. Nilinunua kikombe cha plastiki chenye picha ya bata kwa ajili ya binti yangu, ambaye nilipanga kumfuata mwisho wa mwezi. Nilikuwa na furaha. Nasema hivyo kwa sababu baadaye watu walinishauri niseme kwamba hata pale hotelini nilikuwa nikiteseka, na huo ni uongo.

Mama yangu mzazi peke yake ndiye aliyejua. Nilimwambia kwa sababu alikuwa akinililia kila siku, na aliapa kunyamaza. Lakini ngoma ya kwetu ina desturi yake. Mtu hutupa sarafu mbele ya mpiga orutu, muziki unasimama, na aliyetupa anajisifu mbele ya watu wote kwa sauti kubwa. Akimaliza, muziki unaendelea. Tunaita pakruok. Hata aliyedharauliwa mwaka mzima anaweza kuwa mkubwa hapo, na wote wanalazimika kumsikiliza.

Kulikuwa na msiba upande wa Sondu. Mwanamke mmoja ambaye hawakupatana na mama tangu usichana alisimamisha muziki akajisifu kwamba yeye ni mama wa muuguzi. Akaongeza kwamba yeye si kama wale ambao binti zao wanaozea kwa wakwe. Mama alivumilia wimbo mmoja. Kisha akafungua fundo la leso yake, akatupa sarafu, na orutu ikanyamaza.

"Mimi ndiyo mama ya ule anachezea Wazungu hoteli ya Kisumu," alisema. "Mtoto yangu machozi imekauka. Anakula mshahara."

Watu walimshangilia. Nina uhakika, kwa sababu aliyekuwa akipiga orutu pale ni mpiga orutu wetu, ambaye siku zisizo za hoteli alipiga misibani. Aliuliza huyo mama ni nani, na waliokaa karibu naye wakamweleza kila kitu: binti yake ni yupi, mkwe alizama wapi, na kwamba hakuna mwanamume aliyemchukua bado. Nilimchukia mama yangu kwa miaka, na sioni haya kuandika hivyo. Hakukosa kunipenda. Alishindwa tu kuinuka pale na kwenda zake akiwa amechekwa.

Ijumaa iliyofuata tulikuwa nyuma ya jukwaa kama kawaida. Wimbo wa kwanza uliisha, msichana mwenye pengo akatoka, akafungua njuga zake. Nilinyoosha mguu. Alizishika mkononi, akanitazama usoni, halafu akanitazama mguu. Nikafikiri anatania, nikacheka. Aliziweka chini kwenye nyasi na kurudi nyuma, akipangusa mikono kwenye sketi yake ya katani. Wengine walikuwa wamekwisha kusogea. Mmoja aliyekuwa mjamzito alitoka kabisa akakimbilia jikoni kwa wapishi.

Niliinama nikajifunga mwenyewe. Nikaingia uwanjani peke yangu, nikacheza mbele ya watu wanaokula samaki, na hakuna aliyenifuata. Watalii walidhani ndivyo ngoma ilivyo, wakapiga picha.

Baadaye kiongozi aliniita kando. Mpaka siku hiyo nilikuwa dada. Sasa aliniita mama.

"Mama, mimi ni mtu wa kanisa, hiyo mambo siamini," alisema. "Lakini siwezi cheza peke yangu. Hawa wamekataa kufunga njuga umefunga wewe. Rudi nyumbani wakutengeneze vile nyinyi hutengeneza, halafu kuja. Nafasi yako iko."

Nilimuuliza kama anajua kutengenezwa ni kufanywa nini. Alisema anajua. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Njuga zile walizichoma. Nilizinusa nikiwa chumbani nikifunga mfuko wangu, harufu ya kamba za ngozi zikiungua, na nje msichana mwenye pengo alikuwa akiwachekesha wenzake kwa kuigiza jinsi nilivyojifunga mwenyewe. Aliigiza vizuri, maana alikuwa na kipaji.

Nyumbani habari ilikwisha kunitangulia. Mama mkwe hakunipiga wala kunitukana. Alinipa binti yangu, kisha akatuma mtu amwite mnunuzi wa mpunga. Ningeweza kukataa. Nilikuwa na miguu na barabara ilikuwapo. Lakini nafasi yangu iko, kiongozi alikuwa amesema, na mimi nililishika neno hilo kama mtu anayekufa maji anavyoshika tete. Mtu yule alikuja jioni, akavua koti, akalitundika kwenye msumari wa marehemu. Sitaeleza zaidi. Nililala pale nikijiambia kwamba hii ni nauli tu, nauli ya kurudi Kisumu, na kwamba nauli ikishalipwa haidaiwi tena.

Nilirudi hotelini. Lo, nilivyopokelewa. Yule mjamzito alinikumbatia. Msichana mwenye pengo alipiga magoti bila kuambiwa, akanifunga njuga mpya, akanipiga kofi kwenye shavu la mguu kama zamani. Nilicheza mazoezi yote nikiwa nimelowa machozi, na wao wakasema ni jasho. Kiongozi alingoja tumalize, akaniuliza mume wangu amesema nini.

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama mwalimu. Nilipokuwa mjane wasichana walinikataa. Sasa nimetengenezwa, ni sawa, lakini sasa nina bwana, na yeye hachukui bibi ya mtu bila ruhusa ya mwenyewe, kwa sababu ya ile habari ya rungu.

"Wewe ndiye ulinituma," nilimwambia.

"Mimi nilisema wakutengeneze," alisema. "Sikusema uolewe."

Nilitamani kumpiga. Nilipaswa kumpiga. Badala yake nilikwenda kumwomba mnunuzi wa mpunga aje mjini, nikimbembeleza kwa maneno ambayo mpaka leo siwezi kuyarudia. Alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Alikuja Jumamosi akiwa na kofia, akakaribishwa meza ya mbele, akapewa samaki mzima na soda. Alitazama onyesho lote. Aliponiona nikiingia alipiga meza kwa kiganja, akawaambia watalii waliokaa karibu naye, kwa Kiswahili wasichokijua, kwamba yule ni wake. Nilicheza kuliko siku zote za maisha yangu. Kila bega nililotikisa lilikuwa ni ombi kwake.

Alimaliza samaki, akanyonya vidole, akamwita kiongozi.

"Ni kazi mzuri," alisema. "Lakini bibi yangu hawezi tingishia watu mabega."

Kiongozi alimshukuru kwa kuja. Wakapeana mikono, wanaume wawili walioelewana, nami nikakaa kwenye nyasi kufungua njuga. Msichana mwenye pengo alikuja kunisaidia. Kamba ilikuwa imekaza, akaifungua kwa meno.

Nafasi yangu ilitangazwa matangani wiki hiyo hiyo, wakapata mwingine kutoka Seme. Nami nikawa mke wa tatu, nikapanda mpunga, nikazaa, nikaambiwa nina bahati.

Mavuno yaliyofuata yalikuwa mazuri. Wanunuzi walikuja kutoka mjini na lori, wakachinjiwa mbuzi, na walipokwisha kunywa mume wangu akaingia jikoni akiwa ameshika njuga. Sijui alizitoa wapi. Alisema amewaambia wageni kwamba ana mchezaji aliyewashinda wote Kisumu, na hawaamini, sasa nitoke niwaonyeshe. Nikamwambia alinikataza. Alisema alikataza mjini. Hapa ni kwake.

Wake wenzangu waliendelea kusonga ugali bila kugeuka. Nilikaa chini, nikanyoosha mguu, na kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kunifunga, alipiga magoti yeye, akanifunga, akakaza vibaya. Nikatoka. Wale wanaume walikuwa wamekaa juu ya magunia, na mbele yao, miguu imenyooshwa kwenye mkeka, alikaa binti yangu. Alikuwa hajawahi kuniona nikicheza. Nilianza, naye akafungua mdomo kwa mshangao, akamgeukia yule mtu, akamwita baba, akamwambia amwambie mama asiache.

Yule mtu akaniambia nisiache.