Mikono ya Mkalimani Ilipokwenda Kiunoni

Admin, naomba ufiche jina langu na usitaje shule. Walimu wenzangu wengi wanafuata ukurasa huu, na wana midomo.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na minne, naishi Kampala. Baba yangu alikuwa mwanajeshi kutoka kaskazini, nikalelewa kambini, ndiyo maana Kiswahili kwangu ni lugha ya nyumbani. Nilisomea elimu maalumu Chuo Kikuu cha Kyambogo, na sasa ni mkuu wa idara hiyo katika shule ya sekondari yenye wanafunzi viziwi. Mmoja wao ni binti yangu wa kumzaa. Nitamwita Akello. Yuko kidato cha nne, na Jumatatu anaanza mtihani wa taifa. Nimemlea peke yangu, tangu baba yake aliposikia kwamba mtoto hasikii akaondoka.

Idara yangu ina mkalimani mmoja tu wa lugha ya alama, kijana Mkongo, nitamwita Baraka. Mdogo wake ni kiziwi, kwa hiyo lugha hiyo aliikuta nyumbani kwao. Mimi niliisoma darasani, nikiwa mtu mzima. Watoto wanampenda mno. Nikiingia darasani wakiwa wanazungumza naye, mikono yote inashuka. Siku moja niliwakuta sokoni Kalerwe, yeye na watahiniwa wetu, wanakula chapati za mayai na kucheka. Akello aliponiona, mikono yake ikaingia mfukoni. Mtoto wangu mwenyewe, ndugu zangu. Niliumia, na tangu siku hiyo nikaanza kumchunguza yule kijana.

Sasa wasiojua kazi yetu niwaeleze kidogo. Mkalimani kwenye mtihani anatafsiri swali, haonyeshi jibu. Tatizo ni kwamba alama nyingi za viungo vya mwili zinaonyesha kiungo chenyewe. Ukitaka kusema moyo, unagusa hapo moyo ulipo. Kwa hiyo kwenye mtihani wa bayolojia tuna utaratibu: mkalimani anaweka mikono mbele ya kifua na hagusi mwili wake hata akiwashwa. Baraka anaujua, nilimfundisha mimi.

Kwenye mtihani wa majaribio nilisimama nje, dirishani, pazia lilikuwa limeachwa wazi kidogo. Swali lilikuwa kutaja kiungo kinachochuja damu. Baraka akalitafsiri vizuri, akamaliza, halafu mikono yake yote miwili ikaenda nyuma, kiunoni, pale pale zilipo figo. Ikakaa hapo. Watoto wakainama kuandika.

Tuliposahihisha, wote walikuwa wameandika figo. Wote! Hata Musa, ambaye mwaka mzima nimemfundisha na bado aliniambia chakula kinasagwa kwenye mapafu.

Nilimwita Baraka ofisini nikafunga mlango. Nikamuuliza mikono ilifuata nini kiunoni. Hakushtuka, na hilo ndilo lililonitia shaka zaidi.

"Madamu, ni mugongo tu," akasema. "Niko nasimama tangu asubui, hata kiti hamukunipa."

Ni kweli hatukumpa kiti. Ni kweli pia nimewahi kumwona akishika kiuno baada ya kubeba madumu ya maji. Lakini mbona mgongo umsubiri mpaka swali la figo? Nikamuuliza hivyo hivyo. Akaomba ruhusa arudi darasani.

Nikaenda kwa Akello. Huyu binti asipotaka mazungumzo anajua la kufanya: anaenda kwenye beseni la vyombo, anatumbukiza mikono na kufumba macho. Utamwambia nini hapo? Nilimgusa bega nikamuuliza kama Mwalimu Baraka anawasaidia. Akafumbua macho, akatoa mikono inayochuruzika povu, akaniuliza kwa nini wanaosikia wakifaulu ni akili zao, ila viziwi wakifaulu lazima kuna mtu kawaonyesha. Baadaye nikagundua kwamba swali langu hakulijibu.

Dada yangu anasema huu ni wivu, kwamba namchukia kijana kwa sababu mwanangu anaongea naye kuliko anavyoongea na mimi. Labda. Lakini si wivu ulioandika figo kwenye karatasi ya Musa.

Juzi nikamdokeza mkuu wa shule, bila kumweleza yote, kwamba nafikiria kumtoa Baraka kwenye chumba cha mtihani. Hata kalamu hakuiweka chini.

"Madam, kama unatoa yeye, basi wewe ndiyo utasimama pale," akasema. "Mimi sina mtu ingine."

Nikinyamaza na mikono ile ikaenda kiunoni tena mbele ya msimamizi wa nje, matokeo ya watoto wote yatazuiwa, ya mwanangu yakiwemo, na idara yangu itaitwa idara ya wezi wa mitihani. Nikimtoa, na kumbe kweli ni mgongo, nitakuwa nimemharibia mtu asiye na kosa, tena mgeni asiye na wa kumtetea.

Jana jioni nilimwambia Akello kwamba huenda Jumatatu nikatafsiri mimi. Alikuwa kwenye beseni la vyombo, akatoa mikono majini. Halafu akaongea polepole, alama moja moja, kama anavyofanya akitaka nisipotee.

"Mama, mikono yako hatuielewi."

Akarudisha mikono yake kwenye maji, akafumba macho.

Nishaurini, ndugu zangu, ila msinitukane, nimechoka. Jumatatu asubuhi mmoja wetu lazima asimame mbele ya wale watoto: ninayemshuku mimi, au ambaye mwanangu haelewi anasema nini. Asimame nani?