Mgeni Niliyemjua kwa Picha

Ule uhakika wa kumjua mtu, unaoruka moyoni kabla mwenyewe hajafungua kinywa, unatoka wapi, na kwa nini ukiwa wa uongo unakuwa na ladha ileile ya ule wa kweli? Nimelifuata swali hili karibu maisha yangu yote ya kazi, nimewafundisha wengine namna ya kulichunguza, na jibu bado sina. Ninyi mnaonijua kama mtu wa vitabu mnadhani lilinijia maktabani. Hapana. Lilinijia kwenye gare, stesheni ya treni ya Kalemie, mbele ya watu, nikiwa nimevaa abakosti mpya, suti yetu ya enzi hizo isiyo na tai, na nikiisimulia aibu hiyo mwenyewe leo ni kwa sababu wale walioiona wanaisimulia vibaya zaidi.

Ilikuwa wakati wa Zaire. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka chuo kikuu kufanya utafiti wangu wa kwanza, juu ya namna akili ya binadamu inavyotambua kitu ilichokwisha kukiona. Nilikuwa napita mashuleni na kwenye mabiro ya serikali, namwonyesha mtu picha za sura asizozijua, moja baada ya nyingine, kisha namrudia kesho yake na picha zilezile, nikiwa nimezichanganya na nyingine mpya, na kumwuliza juu ya kila moja: huyu ulimwona jana au hukumwona? Mjini wakaanza kuniita Docteur wa Sura. Udaktari wenyewe nilikuwa bado sijaupata, lakini sikumsahihisha mtu.

Wakati huohuo nilikuwa nataka kuoa. Msichana aliitwa Mwadi, mwalimu wa shule ya msingi, naye alikaa kwa mjomba wake upande wa pili wa mji pamoja na kaka yake Kalala. Baba yao alibaki Kabalo, na bila neno lake hapakuwa na ndoa. Akatuma habari kwamba atakuja na treni, awasikilize wazee wangu, kisha aseme ndiyo au hapana. Tukapatana kwamba kwanza apite kwa shangazi yangu, anawe vumbi la safari, ale, asikie maneno yetu, kisha tumsindikize akalale kwa shemeji yake, yaani huyo mjomba wa Mwadi. Baba huyo mimi nilikuwa sijamwona hata siku moja. Mwadi akanipa picha yake: mzee mwenye nywele nyingi, ndevu nene zilizoanza kuwa nyeupe kidevuni.

Kalala alinifuata asubuhi ya siku yenyewe, akataka twende gare pamoja, na sababu yake ilikuwa ya maana, kwa kuwa kwetu jina la mkwe halitajwi na anayeoa (hata hapa sitaliandika, miaka yote hii imepita na ulimi bado unakataa), kwa hiyo nikimwona mzee nisingeweza kumsogelea na kumwuliza kama yeye ndiye Papa fulani.

"Mimi nitamuita jina," alisema Kalala. "Weye utamuita nani?"

"Sina haja ya jina," nikamjibu. "Sura njo kazi yangu."

Akanitazama, akacheka kidogo. "Bon. Docteur wa Sura, safari njema."

Hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia, kwa neno moja dogo la kiburi. Yaliyofuata yaliteremka yenyewe kama jiwe mlimani.

Treni ilifika alasiri, imechelewa kama desturi yake, wanawake wakashuka na magunia ya mahindi, kuku wakapiga kelele, watu wakaitana kwa majina (wenye bahati), nami nikasimama karibu na mlango wa kutokea nikizichuja sura kama mtu apepetaye mchele. Ndipo akashuka mzee mwenye nywele nyingi na ndevu nene zilizoanza kuwa nyeupe kidevuni. Kitu kikaruka kifuani mwangu. Sikufikiri wala sikulinganisha. Nilijua, kama ninavyoijua sauti ya mama yangu. Nikamwendea, nikachuchumaa, nikapiga makofi taratibu kama inavyompasa anayetafuta mke, macho yangu chini.

"Njo weye walikutuma?" akaniuliza.

"Njo mimi, Papa."

Na kwa kuwa adabu ya ukwe inakataza kumkazia macho mzee, tangu pale mimi, mtaalamu wa sura, sikuitazama tena sura yake. Nilitazama viatu vyake. Yeye naye hakuuliza zaidi, kwani mtu mzima aliyepokelewa kwa heshima namna ile hamhoji anayempokea.

Nikabeba valizi yake ya nguo, tukaelekea mlangoni, na pale mlangoni palikuwa na mzee mwingine ameketi juu ya sanduku lake la bati, kichwa kimenyolewa kikabaki kinang'aa, kidevu kitupu, shati limepauka, akitazama huku na huku kama mtu anayengoja. Sanduku lilikuwa limeziba nusu ya njia. Nikamwambia kwa sauti ya chuo kikuu:

"Papa, utupishe kidogo, mugeni wangu mukubwa apite."

Akaniangalia, akasimama, akalivuta sanduku lake kando kwa mikono miwili, akasema, "Pita, mwanangu."

Nikapita.

Kwa shangazi yangu kila kitu kilikuwa tayari. Mgeni akanawa, akakaribishwa kwenye kiti cha mikono, bugali ikaletwa, kuku akaletwa, na juu ya kuku ile firigisi ambayo nyumbani kwetu hapewi mtu mwingine ila yule ambaye neno lake linangojewa. Akaila yote, akaisifu. Nilipoona anaitafuna kwa furaha nikajiambia kwamba nimekwisha kuoa. Ndipo mjomba wangu, mzee wa maneno mengi, akasimama, akaanza mbali sana, kwa mababu na mashamba yao, akaja pole pole mpaka kwenye ua zuri lililoota Kabalo, na mwisho akamshukuru mgeni kwa kumzaa binti mwenye adabu kama Mwadi.

Mgeni akaifuta midomo yake. Akatutazama mmoja mmoja.

"Mimi," akasema kwa upole, "batoto wangu wote ni wanaume."

Sikumbuki nani alikohoa. Nakumbuka shangazi yangu aliitazama sahani, pale firigisi ilipokuwa, kama mtu anayetazama mahali nyumba iliposimama kabla ya mafuriko. Mzee akajieleza bila hasira. Aliitwa Papa Kisimba, alitoka Nyunzu, alikuja kumwona mjukuu wake aliyezaliwa juzi, na mwanawe, anayefanya kazi bandarini, alimwambia kwamba atamtuma kijana kumpokea. Alishangaa kidogo, akasema, kuona kijana anamchuchumalia namna ile, lakini akadhani siku hizi vijana wa Kalemie wamefundishwa vizuri.

Mjomba wangu akanigeukia. "Na ile foto, uliiangalia na macho gani?"

Nikaitoa mfukoni. Ikapita mkono kwa mkono, na kila mtu akasema lilelile: ndevu sawa, nywele sawa, lakini pua siyo, macho siyo, masikio siyo. Hapo nikakumbuka jambo nililokuwa nalijua siku zote. Baba yake Mwadi alikuwa amefiwa na kaka yake mkubwa. Mimi mwenyewe nilikwisha kupeleka pole. Na kwetu aliyefiwa hivyo, matanga yakiisha, hunyoa. Kila mtoto anajua. Mimi nilijua. Kilichojua matanga na kilichongoja ndevu vilikaa katika kichwa kimoja na havikusalimiana.

Kichwa kinachong'aa. Sanduku la bati. Pita, mwanangu.

Tulipofika gare palikuwa patupu. Tukaenda kwa mjomba wa Mwadi, mimi na mjomba wangu, pamoja na Papa Kisimba aliyekataa kabisa kubaki, kwa hoja kwamba amekula firigisi ya mtu na lazima akamwone mwenyewe. Kalala alikuwa mlangoni, amejiuma mdomo. Ndani, mzee wa kichwa kilichonyolewa alikuwa ananawa miguu. Alikuwa ametembea peke yake, sanduku begani, hadi kwa shemeji yake.

Nikachuchumaa. Nikaeleza, nami nikaeleza vibaya, kwa maneno ya kitabu: kwamba sura ya mtu usiyemzoea akili huishika kwa ukingo wake, kwa nywele na ndevu, na ukingo ukibadilika sura inapotea, kwamba jambo hilo linajulikana, kwamba nililiandika mwenyewe. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwadi akisuka nywele ingine," akauliza, "utamufukuza kwa nyumba?"

Papa Kisimba ndiye aliyecheka wa kwanza. Mwadi hakucheka, alisimama penye pazia, na sikuthubutu kuitazama sura yake kuona ilikuwa inasema nini.

"Sina kasirani," akaendelea baba yake. "Uliniomba njia, nikakupa njia. Lakini mutoto wangu atarudi na mimi Kabalo, treni ya kesho. Siku utajua batu, utakuja."

Tangu siku ile, katika kila utafiti nilioufanya, nikiisha kumwuliza mtu kama alimwona yule wa pichani, namwuliza pia ana uhakika kiasi gani, na nimewaona wengi, wasomi na wasio wasomi, wakiapa kwa nguvu zote juu ya sura ambazo hawakuwahi kuonyeshwa. Ninawaelewa. Na nimeweka nadhiri kwamba sitamwambia mtu yeyote apishe njia kabla sijamwuliza habari za safari yake. Lakini jioni ile sikuwa na nadhiri wala elimu. Nilikuwa na wazo moja tu, nami sikumwambia mtu.

Asubuhi nikavaa abakosti ileile, nikaenda kwa mjomba wa Mwadi kabla hawajatoka. Nikaliinua sanduku la bati la mzee nikaliweka kichwani, nikaishika valizi ya Mwadi mkononi, nikatangulia, mzee na Mwadi wakinifuata. Barabara nzima watu walitoka kutazama, wanafunzi wa Mwadi wakaniita Docteur, na mtu mmoja akauliza tangu lini iniversite inafundisha kazi ya kubeba. Gare ilikuwa imejaa. Mlangoni wasafiri walikuwa wameketi juu ya magunia yao, njia imezibwa. Nikasimama, sanduku kichwani, jasho machoni, nikasema kwa sauti ambayo hata dereva wa treni aliisikia:

"Ba Papa, ba Mama, mutupishe. Mugeni wangu mukubwa apite."

Wakavuta magunia. Mzee akapita katikati yao pole pole, bila kugeuza kichwa, mpaka kwenye ngazi ya behewa. Nikampandishia sanduku lake. Nilipoinua valizi ya Mwadi, mzee akaizuia kwa mkono.

"Ile," akasema, "irudishe kwa nyumba."