Niliposahau kuachia kitufe cha redio

Leo Jumamosi, mwezi wa saba tangu nitoke nyumbani, kijijini Kapalamsenga, nimesikika redioni nikilalamika.

Klabu ya redio za kuzungumza na watu wa mbali, hapa Mpanda, ilinipa zamu yangu ya kwanza kuongea. Mimi ni kibarua wa zege, niliishia darasa la tano.

Nikabonyeza kitufe, nikajitambulisha, nikasubiri.

Kimya.

Nikamgeukia Dada Rehema, mwenye leseni ya redio anayetufundisha. "Si nilikwambia? Hawa wasomi hawawezi kumjibu mbeba zege. Sirudi tena hapa."

Akanigusa kidole. "Kaka, achia kitufe. Ukikishikilia hakuna anayeweza kukujibu, na wote wanakusikia."

Nikaachia.

Mzee mmoja wa Kigoma akaingia akicheka. "Mbeba zege, tumekupata vizuri. Mimi siku yangu ya kwanza nilimsema mama mkwe dakika nzima. Usituache, mwanangu."

Wakafuata wengine wanne kunisalimia.

Asanteni sana jamani. Na nyie wapya mnaoogopa kushika redio, njooni tu. Nanyi mliozoea, aibu yenu ya kwanza ilikuwa ipi?

Mama watoto, nyumbani ni mwezi ujao, tukimaliza jengo. Klabuni narudi Jumamosi ijayo.