Tuliolisukuma Gari la Baba

Jumapili iliyopita nilipitia Westlands baada ya kanisa kumnunulia Mama dawa ya magoti. Kwenye maegesho nilikuta magari yamepangwa mstari mmoja, yale mafupi yanayokaribia kulala chini, na wenyewe wamesimama kando na miwani ya jua, wakifunguliana maboneti na kuchungulia ndani kama watu waliokuja kuona mtoto mchanga. Nilikuwa nimeegesha langu mwisho wa mstari wao, gari la kawaida la otomatiki, la mtu anayekwenda kazini na kurudi. Kijana mmoja mwenye ndevu zilizochongwa vizuri akanitazama nikifungua mlango.

"Auntie, hiyo si ni auto? Hiyo si gari, hiyo ni sofa iko na magurudumu. Manual ndio gari."

Wenzake wakacheka. Nikamuuliza lake likikataa kuwaka ni nani hulisukuma. Akanieleza kwa upole, ule upole wa kumfundisha mtu mzima asiyeelewa mambo, kwamba auto ikizima imezima, lakini ya gia unasukuma kidogo tu na inashika. Kidogo tu! Rafiki yangu, niliingia ndani nikaondoka kabla sijasema la kuniaibisha, na foleni yote ya Waiyaki Way mpaka Kangemi nilikuwa namjibu peke yangu ndani ya gari.

Maneno hayo hayo nililelewa nayo katika kitongoji cha Waithaka. Baba alikuwa karani katika ofisi moja ya mjini, mtu wa tai na mafuta ya nywele, na alikuwa na gari dogo jeupe la gia alilolinunua kwa bosi wake aliyekuwa anahama nchi. "Gari ya gia haiwezi kukuacha njiani," alikuwa akisema, akipigapiga paa lake kwa kiganja. Aliyasema kanisani, aliyasema matangani, aliwaambia hata watu waliokuwa na baiskeli. Na kusema kweli, halikuwahi kumwacha. Waliokuwa wakiachwa ni sisi.

Betri ya gari hilo ilikufa nikiwa mdogo sana, na sikumbuki hata siku moja lilipowaka kwa ufunguo. Betri mpya ilikuwa ya mwezi ujao, kila mwezi. Lakini vifuniko vya magurudumu vinavyong'aa vilipatikana. Turubai la kulifunika lilipatikana. Kirungu cha mbao cha mti wa gia kilipatikana, na kila Jumamosi Baba alikipaka mafuta kwa kitambaa laini ambacho sisi hatukuruhusiwa kukigusa. Ndani mlinuka petroli na plastiki iliyopata jua, kwa sababu viti havikuwahi kutolewa karatasi zake za plastiki. Ukikaa na kaptula, mapaja yalinata, na ukilalamika uliambiwa ushuke.

Basi asubuhi ilikuwa hivi. Tunakunywa chai na viazi vitamu vilivyolala, haraka, huku baridi ya Julai inatuuma masikio, halafu Baba anatoka na mkoba wake na kuketi kwenye usukani. Nyumba yetu ilikuwa juu, na barabara ya udongo ilishuka kutoka getini moja kwa moja hadi kwenye lami. Shosho, mama yake Baba, alikuwa na kazi moja, kuondoa jiwe lililozuia gurudumu la nyuma. Mama alisimama katikati, mabega kwenye buti. Mimi kushoto, kaka yangu kulia. Baba anakanyaga klachi, anatia gia ya pili, anatoa kichwa dirishani na kusema twende. Tunasukuma. Gari linashika mwendo, anaiachilia klachi, mshtuko unakuja mikononi hadi mabegani, injini inakohoa, inashika, moshi wa buluu unatujaa mdomoni. Naye hasimami, kwa sababu akisimama litazima. Ananyoosha mkono nje ya dirisha na kutupungia, basi, ameenda. Tunabaki pale na viatu vya shule vilivyojaa tope, na jirani yetu, mzee aliyewahi kuendesha mabasi, akiwa ameegemea ua na kikombe chake cha chai. Kila siku alitutazama, na hakuna siku aliyoweka kikombe chini.

Ukitaka kujua jinsi gari linavyoweza kutawala watu, sikiliza hili. Maisha yetu yote yalipangwa kwa miteremko. Kanisani tulifika mapema si kwa ajili ya Mungu, bali kwa ajili ya ile nafasi moja ya kuegesha juu ya kilima. Jamaa tuliowatembelea ni wale walioishi mlimani. Shangazi mmoja alikosea akajenga mahali tambarare, na Krismasi zikapita bila sisi kumwona, mpaka akadhani tumemkasirikia. Jumapili tulisukuma tukiwa tumevalia za kanisani, kisha tukakimbia kulifukuza gari na kurukia ndani mmoja baada ya mwingine, Mama akiwa wa mwisho, viatu mkononi, mkoba kwapani. Shosho alikataa upuuzi huo. Alienda kwa miguu, na mara nyingi alifika kabla yetu.

Mama alikuwa na kibanda cha mboga soko la Kangemi. Managu, terere, na minji, zile njegere za msimu, zote kutoka shamba letu dogo nyuma ya nyumba. Baba alipita Kangemi kila asubuhi akienda mjini. Usiniulize kwa nini gunia la Mama halikupanda gari hilo. Viti vingechafuka, na tena gari lisingeweza kusimama. Mama alikuwa akimaliza kulisukuma, anajifuta mikono kwa leso, anajitwika gunia na kwenda kutafuta usafiri wake. Naandika haya na bado nina hasira, miaka yote hii.

Kitu Mama alichotaka hakikuwa siri. Alitaka kuendesha. Alimwomba Baba amfundishe, akamwomba mezani, akamwomba shambani, akamwomba mbele ya mchungaji. Alimwambia jambo ambalo hata mtoto angelielewa, kwamba yeye Baba ndiye mwenye nguvu, kwa hivyo yeye Mama akae kwenye usukani asubuhi na Baba asukume. Baba alijibu kwamba gari la gia linataka mguu wa mwanamume. Mwanamke angeunguza klachi kabla ya kufika kwenye lami. Mama akauliza, basi si tutafute lile lisilo na klachi? Baba akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Otomatiki ni ya wavivu, akasema, na tena haisukumwi.

Jioni Mama alikaa mlangoni akimenya minji, na gari lilipoanza kupanda kilima tulilisikia kabla hatujaliona. Mguu wake wa kushoto ulikuwa ukikandamiza chini taratibu, bakuli mapajani, macho kwenye minji. "Ametia ya pili mapema," alisema siku moja, na kweli injini ikaguna. Mimi nilidhani anamcheka. Nilifurahi sana kudhani hivyo, kwa sababu nami nililichukia gari lile kwa moyo wangu wote.

Halafu ikaja Jumamosi moja ya masika. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ikaacha. Baba alikuwa amelipangusa gari, amevaa suruali yake ya kaki iliyopigwa pasi, anataka kwenda kuwaonyesha rafiki zake vile vifuniko vya magurudumu. Alikuwa amefungua boneti akichungulia tu, maana hakujua anachochungulia. Alipolifunga, alimkuta Mama ameketi kwenye usukani, na gambuti zake za shambani, juu ya ile plastiki.

"Leo mimi ndio nakaa," Mama akasema. "Wewe ndio uko na nguvu. Sukuma."

Baba akamwambia ashuke. Hakupaza sauti, Baba hakuwa mtu wa kelele. Akamwambia tena. Mama alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili na kutazama mbele, kule chini. Sisi tulisimama kila mtu mahali pake, tukingoja, na kwa jirani hata kijiko hakikulia.

Ndipo Shosho akainama na kuondoa jiwe.

Nataka uelewe. Huyo alikuwa mama yake Baba mwenyewe, mwanamke ambaye hakuwahi kumpinga mwanawe mbele ya watu. Aliliondoa, akaliweka kando ya njia, akajipangusa mikono. Mama akashusha breki ya mkono na gari likaanza kujivuta. Baba akarukia nyuma akalishika buti kulizuia, na sisi wawili, bila kuambiana, tukaanza kusukuma. Kwa muda tulikuwa tunashindana naye, yeye akivuta, sisi tukisukuma, miguu yake ikichora mistari kwenye tope. Kisha jirani akaweka kikombe chake juu ya ua, akavuka, akatia bega. Baba akateleza na kukaa chini na ile kaki yake.

Gari lilishuka. Nililihesabia moyoni, sasa, sasa, na Mama akaachilia klachi pale pale ambapo mimi ningeiachilia. Likashtuka, likashika. Alifika kwenye lami, akakata kushoto, akapotea nyuma ya miti ya jirani. Tulisimama tukisikiliza. Tulisikia ya pili ikinyooka, ikaja ya tatu, laini, bila kukwaruza. Jirani akasema taratibu kwamba huyo hajaanza leo, huyo amekuwa akiendesha kichwani siku nyingi.

Alirudi baadaye akiwa amekizunguka kilima chote, akaingia, akaligeuza gari getini likaelekea chini ya mteremko, tayari kwa kesho. Akashuka. Uso wake sikuwahi kuuona vile, wala sijauona tena. Akaingia jikoni kugeuza githeri.

Nilingoja Baba apige kelele. Hakupiga. Alilizunguka gari, akanusa kama klachi imeungua, akapangusa tope la gambuti kwenye mkeka. Jumapili kanisani hakulisifu gari kwa mtu yeyote. Jumatatu tukanywa chai, akatoka na mkoba wake, akaketi kwenye usukani, na Mama akasimama katikati, mabega kwenye buti. Sijui alikuwa akiwaza nini. Labda alikuwa akiwaza kwamba sasa watapokezana. Tulisukuma, likashika, Baba akanyoosha mkono dirishani.

Jioni alirudi kwa miguu. Ameliuza, akasema, lilikuwa limezeeka. Akaomba maji ya kunawa. Asubuhi ile tulikuwa tumelisukuma wenyewe, kwa mikono yetu, liende kuuzwa, na Mama katikati yetu.

Hakununua jingine. Mpaka anastaafu alikuwa akishuka kilima kile na tai yake asubuhi, mvua ikinyesha, jua likiwaka, na jioni akikipanda tena. Alikubali kutembea miaka yote hiyo kuliko kumpa Mama usukani. Na watu wakamwita mpole! Sijawahi kumsamehe, na kwenye mazishi yake nusu ya machozi yangu ilikuwa ya hasira.

Waithaka ninayokusimulia haipo tena. Shamba la managu limekuwa ghorofa, na wapangaji wanaanika nguo pale Shosho alipokuwa akisimama. Barabara imetiwa lami mpaka getini. Magari yanaamka yenyewe kwa kidole, watoto wanatoka na viatu safi, na hakuna anayejua kwamba kile ni kilima.

Mimi nilipopata kazi nzuri nilinunua otomatiki makusudi, kwa chuki. Baba akiwa ameshazikwa, nikampeleka Mama kwenye uwanja wa shule moja karibu na nyumbani, Jumapili mchana, watu wakiwa hawapo. Nilitaka aone kwamba mambo yote yale ya mguu wa mwanamume yalikuwa uongo mtupu. Nikamweka kwenye usukani, nikamwonyesha wapi pa kukanyaga. Aliuzunguka uwanja mara moja, polepole, bila kosa lolote. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekaa tu, hauna kazi. Kisha akasimamisha.

Nikamwambia, umeona Mama, hata klachi haina, umemshinda. Nikasema mengi, maana nilikuwa nimeyaweka tangu utotoni. Nikalitukana lile gari jeupe, plastiki yake, moshi wake, na kila mtu anayelisifu gari la gia duniani. Aliniacha nimalize.

"Wewe ndio ulikuwa unachukia hiyo gari," akasema. "Mimi nilikuwa naipenda."

Alikuwa akitazama nyasi mbele yetu, mikono bado iko kwenye usukani.

"Ulishawahi kusikia baba yako aliiuzia nani?"

Sikuwahi kusikia. Baba hakumwambia mtu, na Mama, kumbe, alikuwa amengoja miaka yote hiyo bila kuuliza, mpaka aliyejua akazikwa. Alishuka, akazunguka, akaketi upande wa abiria, akaniambia nimpeleke nyumbani.