Nirudishie Maneno Yangu

Yule bwana wa insha alikuwa analalamikia mvua. Kurasa mbili nzima za Kiingereza kitamu, mtu mzima amekaa dirishani anasikitika kwamba mvua imemharibia Jumapili. Mimi nilikuwa nyumbani kwetu Waberi, kaskazini kwenye ukame, stima imepotea, feni imenyamaza, jasho linadondokea karatasi, na nilitakiwa kueleza jinsi mwandishi huyo anavyomvuta msomaji upande wake. Nani hulalamikia mvua? Nilitamani kumjibu.

Na nilimjibu, ndiyo ilikuwa shida yangu. Nilikuwa nimemaliza sekondari na najiandaa kwa mtihani wa Kiingereza wa kiwango cha juu, ule unaotakiwa na vyuo vya ng'ambo. Bila huo hapakuwa na chuo, na chuo nilikitaka kuliko kitu chochote. Kila wiki nilipewa insha, hotuba au barua ya mtu asiyenijua, niichambue. Mwalimu wangu, kijana wa Nairobi aliyenifundisha kwa simu, alikuwa na wimbo mmoja tu.

"Unanisimulia amesema nini. Hiyo nimejisomea mwenyewe. Niambie anafanya nini na maneno yake."

Hakujua nimetoka wapi. Baba yangu ni mfanyabiashara wa mifugo, na watu wakigombana juu ya ngamia au kisima humwita awapatanishe. Katika vikao hivyo huruhusiwi kumjibu mtu kabla hujamrudishia maneno yake: umesema hivi, ukasema vile, kisha ukaongeza hili. Ukiruka jambo, mwenyewe anakukatiza, na ana haki. Sisi watoto tulilelewa hivyo hivyo. Ukigombezwa, unarudia ulivyogombezwa, ndipo ujitetee. Kwa hiyo yule bwana wa mvua nilimrudishia maneno yake yote kwa adabu, halafu nikamwambia hana haya. Mwalimu akanipa alama za kunitia aibu.

Nilikasirika, wallahi. Nilirusha kalamu ikagonga sufuria.

"Kalamu imekukosea nini?" Hooyo, yaani mama, aliuliza bila kugeuka.

Mwishowe nikajilazimisha. Nikajifunza kusoma bila kusikiliza. Nikawa naangalia mtu anaanzaje, anarudia neno gani, sentensi anaifupisha wapi. Alama zikaanza kupanda, na mimi nikaanza kumchambua kila mtu, mpaka shangazi anayekaa Hadado akipiga simu. Salamu zikirefuka, najua anakuja na ombi. Nilijiona mjanja sana.

Kilichobaki kilikuwa ruhusa. Mtihani ungefanyiwa Nairobi, na nikifaulu ningeondoka nchini, na bila neno la baba nisingeweza hata kupanda basi. Alasiri moja baada ya sala akaniita sebuleni.

Alizungumza muda mrefu. Alianza na mama yake, na ukame uliomaliza ngamia wao. Nikajiambia, hapo anatafuta huruma. Akaniita "binti yangu" tena na tena; nikajiambia, hapo anarudia ili neno likae. Akanyamaza, akatazama mkeka, kisha akaendelea kwa sauti ya chini. Nikajiambia, hapo ametua makusudi, mwalimu angepapenda kweli.

"Haya," akasema. "Nirudishie maneno yangu."

Nikafungua mdomo. Bibi nilikuwa naye, ukame nilikuwa nao, ule mtuo nilikuwa nao. Nilichoambiwa sikuwa nacho.

"Aabo, ulianza na mama yako..." Nikakwama.

Alinisubiri. Alinisubiri kweli, na hilo ndilo lililoniuma.

"Kumbe nilikuwa naongea na ukuta," akasema, akafungua redio yake.

Niliingia jikoni nalia kwa hasira. Niliuchukia mtihani, nikamchukia mwalimu, nikamchukia yule bwana na mvua yake, na kuliko wote nikajichukia mimi. Hooyo alikuwa amesikiliza kupitia pazia. Hakunipa pole. Aliendelea kukoroga unga wa anjera, zile chapati zetu za maji.

"Amekubali," akasema. "Amekwambia nenda. Wewe ulikuwa wapi?"

Kisha akanipa yote kwa mpangilio wake. Niende Nairobi na kaka yangu, nifanye mtihani. Nikifaulu, niende chuo. Nisiache sala. Nipige simu kila Ijumaa niwape habari, za kweli, si za kuwafurahisha. Nisiolewe na mtu ambaye hawajamwona.

Nikafuta uso, nikarudi sebuleni, nikakaa mkekani.

"Aabo, umesema niende," nikaanza. Akazima redio. Nikayataja yote mpaka mwisho, naye akanisikiliza kama anavyowasikiliza wenye kesi, kichwa ameinamisha, kidole kikigonga goti kila jambo linapopita. Nilipomaliza, kidole kilikuwa bado kimeinuka.

"Umeruka moja," akasema.

Nikatazama pazia la jikoni. Hooyo hakuwa amenipa lingine.

"Pale niliponyamaza, kisha nikasema polepole," akasema baba. Sauti ile haikuwa imefika jikoni. "Nilisema naogopa hutarudi."

Nikarudia, kama inavyotakiwa: Aabo, umesema unaogopa sitarudi. Zamu ya kujibu ikawa yangu.