Koki Aliyoisubu Delphis

Delphis Thibodeau alikuwa fundi wa mashua hapa Ghuba ya Sainte-Marie, na kwa ubishi hakuna aliyemfikia. Hakununua koki hata siku moja. Koki za chini ya mashua, zile zinazoingiza maji ya bahari kupoza injini, alizisubu mwenyewe kwa vitu chakavu: vitasa vya milango, mabomba, hata vinara vya kanisa lililobomolewa. Ukimwambia si kila shaba inafaa baharini, anakucheka.

"Shaba ni shaba, bwana. Kwani bahari inauliza cheti?"

Nasi tulimsifu, kwa sababu koki zake zilikuwa zikimeta. Kila mwaka kabla ya msimu wa kambakoche tulizipaka rangi nzito pamoja na mashua nzima, ndiyo desturi yetu.

Siku moja alisubu koki mbili. Moja akamtilia mwanawe Mance, nyingine akamtilia Alban Comeau. Mashua ya Mance ilizama mchana kweupe, bahari imetulia tuli, na mwili haukuonekana. Delphis hakulia, alisema. Alisema dukani, alisema mlangoni pa kanisa, alisema mbele ya wajukuu zake, kwamba Mance alilewa akaacha maji yaingie. Mance, ambaye sijapata kumwona na chupa ila sikukuu! Nilimchukia mzee kwa hilo.

Vuli iliyopita Alban aliipandisha mashua yake nchi kavu, nikamsaidia kukwangua rangi. Delphis alisimama kando akitukosoa.

"Kwangua, acha kuibembeleza! Si bibi harusi hiyo."

Kisu kikafika kwenye koki. Chini ya rangi hapakuwa na manjano, palikuwa na wekundu uliopauka. Nikagonga kwa nyundo, ikamomonyoka kama biskuti iliyolowa.

Pwani hii sote tunaujua wekundu ule. Shaba ikitiwa zinki nyingi, inapopoa huganda ndani yake chembe za aina mbili zilizoshikamana. Bahari huanza na zile zenye zinki zaidi, huinyonya zinki yake, ikabaki shaba yenye vitundu. Umbo ni lilelile, unene uleule, nguvu hakuna.

Delphis aliokota kipande, akakiponda kwa vidole.

"Hii niliisubu pamoja na ya Mance," akasema. "Niambieni ile yake ilikuwa nzima."

Alban alivua kofia. Mimi nikasema, "Siwezi, mzee."

Tukaenda naye kwa Edmée, mjane wa Mance. Alikuwa anakamua viazi vilivyokunwa, tayari kupika rapure. Mzee aliweka kile kipande mezani.

"Edmée, mwanangu. Mance hakulewa. Ni koki yangu."

Edmée alikitazama. Akafuta mikono, akamwita Zélie, binti yake mkubwa.

"Mwambie na huyu, baba. Lile la ulevi ulimwambia kwa sauti."

Mzee akamwambia. Alisema yote, hakujitetea, na kwa mara ya kwanza nikamhurumia. Akamnyooshea mjukuu wake mikono.

Zélie hakusogea.

"Lakini babu," alisema, "mimi muda wote huu nimekuwa nikimchukia baba."