Mpishi Aliyesema, "Mimi Njo Nilimuita"

Miaka ile nilikuwa nikishusha jibini kutoka Kirolirwe, kwetu milimani, hadi Goma. Mume wangu na ndugu zake walichunga na kukamua, mama mkwe aligandisha maziwa na kukanda, na mimi, kwa kuwa sikuogopa kusema na wanunuzi, niliachiwa safari. Nilipanda moto, yaani pikipiki, asubuhi, kitunga mgongoni, jibini nimeifunika kwa kitenge kilicholoweshwa maji isipate jua. Mteja wangu mkubwa alikuwa mgahawa mmoja wenye baraza pana mbele na jiko nyuma.

Mpishi wa pale alikuwa mwanamke wa Walikale, binti wa mwindaji aliyekuwa pia katekista. Tulizoeana kwa kutaniana. Safari moja alinipa nyama ya nungu katika mchuzi wa mawese. Kwetu nyama za porini haziliwi, nikabaki nimeikodolea macho.

"Kula tu, dada," akasema. "Haitakuuma. Imesha kufa."

Nilicheka hadi nikaonja, na nilipoonja nikamaliza. Basi tukawa marafiki.

Siku ya mlipuko ilikuwa Jumamosi, na watu waliotoka kufunga ndoa komini, ofisi ya serikali, walikuwa wamejaa barazani na chupa zao za soda na bia. Nilitua kitunga changu kando ya ukuta, nikakaa kwenye kiti cha pembeni nimngojee mwenye mgahawa. Mpishi akachungulia mlangoni, mikono imejaa unga.

"Dada, unakaa pale sawa mugeni? Kuya kuzini, unisaidie kumenya ndizi. Leo bantu biko wengi."

Kuzini ndilo jiko, kwa kinywa chetu. Nikaingia. Kitunga nilikiacha palepale, maana nilijua nitarudi.

Nilikuwa nimemenya ndizi chache tu nyumba iliporuka. Siwezi kuueleza ule mshindo, kwa sababu sikuusikia vizuri. Niliusikia kifuani. Sufuria ya maharage ilipinduka, vumbi jeupe likajaa, na ukuta uliotutenga na baraza ukamwangukia mpishi mguuni. Nilimwona akifumbua mdomo bila sauti. Nikaondoa matofali kwa mikono, nikamshika makwapani, nikamburuta hadi mlango wa nyuma. Madereva wa moto waliokuwa wakingojea abiria barabarani walikuja mbio, wala hakuna aliyewaita. Wawili walimweka katikati yao juu ya moto moja, mguu umening'inia, wakaenda naye hospitali. Sikuwahi kuwaona tena. Nawaombea hadi leo.

Nilipozunguka mbele, kiti nilichokuwa nimekalia hakikuwapo. Bibi harusi alipona. Mjomba wake hakupona, na wengine pia, na mmoja wa wahudumu, kijana mpole aliyekuwa akinipokea kitunga kila safari.

Jioni ileile polisi walinikamata. Mlinzi wa duka la jirani alisema aliona mwanamke wa milimani akiweka kitunga barazani, halafu akapotelea ndani. Alisema kweli. Ndivyo nilivyofanya. Lakini kwa watu wenye uchungu, ukweli ule pamoja na sura yangu na matamshi yangu ya watu wafugaji ulitosha. Mtu alinitemea mate nikipandishwa kwenye gari.

Kwenye kasho, mahabusu ya polisi, tulikuwa wanawake kadhaa. Mama mmoja wa kabila la Wahunde, muuzaji wa pombe aliyefungwa kwa ugomvi wake mwenyewe, aliniona nikitetemeka, akavua kitenge chake cha juu akanifunika. Hakuniuliza kabila wala kosa. "Lala kidogo," aliniambia. "Kesho utasema."

Kesho yake askari wa kwanza alinifokea: "Nani alikutuma? Sema!" Kila nilipojibu alipiga meza, hadi nikaanza kusahau hata majina ya watoto wangu. Ndipo akaingia mpelelezi, mtu mwembamba mwenye kikohozi. Alimwomba mwenzake atoke, akanimiminia maji, akakaa.

"Mama, kwanza tuachane na ile bombe yenye ililipuka. Anza na asubuhi. Ng'ombe gani mulikamua wa kwanza?"

Nilimtazama nikidhani ananidhihaki. Hakuwa akicheka. Basi nikaanza na yule ng'ombe wetu mwenye doa jeupe usoni, nikashuka na njia, Sake, mjini, baraza, mpishi, ndizi. Kadiri nilivyosimulia, akili yangu ilirudi. Alinisikiliza bila kunikata, kisha akauliza jambo moja tu: "Huyu mupishi, iko hai?"

Sikujua. Hapo ndipo nilipolia.

Alikwenda kumtafuta. Yaliyotokea hospitalini nilisimuliwa baadaye na muuguzi. Mpishi alikuwa anapelekwa kupasuliwa mguu, tayari juu ya kitanda cha magurudumu, mpelelezi alipofika mlangoni. Daktari alisema arudi siku nyingine. Mpishi aliposikia jina langu akashika ukingo wa mlango.

"Mungojee. Nitasema kwanza."

"Mama, mguu wako—" daktari akaanza.

"Mguu utangojea. Ule mama, mimi njo nilimuita kuzini. Kitunga alikiacha kwa sababu yangu. Mukimufunga, munifunge na mimi."

Alirudia maneno hayo, kwamba yeye ndiye aliyeniita, hadi mpelelezi alipomaliza kuandika, jasho likimtiririka kwa maumivu. Baada ya hapo ndipo alipouachia mlango.

Mpelelezi hakuishia hapo. Alirudi kwenye vifusi na wenzake, wakachambua uchafu hadi wakapata kitunga changu, kimebanwa ukutani, jibini ndani yake imegandamana na vipande vya vioo. Alinieleza mwenyewe: upande uliopasuka ulikuwa wa nje, na fito zimekunjwa kuingia ndani. Kitu kilicholipuka kilikuwa mbali nacho, chini ya meza ya katikati, ndani ya mfuko ulioachwa na mtu aliyeagiza soda na kuondoka bila kuinywa.

Siku ya kuniachilia alinisindikiza hadi getini, watu wakiwa wamesimama pale, akasema kwa sauti: "Huyu mama ni shahidi. Asiguswe." Mlinzi wa duka alikuwapo. Alinijia ameinamisha kichwa. "Mama, nilisema yenye niliona." Nikamjibu kwamba hata mimi ningesema.

Mwenye mfuko alipatikana baadaye, akahukumiwa. Waliomtuma hawajajulikana, na sitadai kwamba hilo limeacha kunisumbua.

Lakini nikikumbuka miezi ile, ninachokiona kwanza ni ua wa hospitali. Baba yake mpishi alifika kutoka Walikale, sehemu kwa moto na sehemu kwa miguu kwa sababu njia ilikuwa imekatika, na asali ya msituni ndani ya kibuyu. Mume wangu alishuka na maziwa. Kila mmoja alikuwa amelelewa kusikia mabaya juu ya watu wa mwenzake. Walisimama wakitazamana, hadi mzee alipotangulia:

"Mama huyu njo alitoa mutoto wangu kwenye matofali?"

"Na mutoto wako njo alitoa bibi yangu kwenye kasho," mume wangu akajibu.

Mzee akacheka, akamshika mkono, wakakaa juu ya jiwe. Walikunywa maziwa kwa asali na kuzungumza juu ya mvua hadi muuguzi akawafukuza.

Mpishi alipotolewa tulimchukua kwetu Kirolirwe apone. Mama mkwe alimkanda mguu kila asubuhi, akamgombeza kama binti yake. Anachechemea, lakini anatembea. Vita vilipozidi tulihama, yeye naye akahama, na sasa sote tuko karibu na Masisi centre, ambako anapika kwenye kibanda chake mwenyewe.

Mwaka jana nilimwona mpelelezi sokoni. Amezeeka, amestaafu, alikuwa anachagua viazi. Nilimshika mkono nikashindwa kusema zaidi ya aksanti, aksanti sana. Aliaibika kidogo.

"Mama, mimi niliuliza tu," akasema. Kisha: "Na ule mupishi, mguu wake ulipona?"

"Kuya umuone," nikamwambia, nikambebea viazi vyake, tukaenda.